Bahasha Iliyokaa Kwenye Droo ya Mshonaji

Nyumba Na. 27, Ghorofa ya Pili,
Mlango wa Kijani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile baridi uliyomwambia Mama inakuuma vidole imepungua. Goti nalo linaendeleaje? Na yule jirani yako mwenye paka watatu, bado anakuletea magazeti ya juzi?

Sisi huku hatujambo. Mama alikuwa na mafua wiki mbili, lakini sasa anasikika akiimba jikoni, kwa hiyo tumejua amepona. Baba yuko kazini kama kawaida na kitambi chake kinaendelea vizuri. Babu ni mzima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo barua yenyewe. Nivumilie nifike huko polepole. Unanijua, siwezi kuingia chumbani bila kusimama kwanza mlangoni.

Shule nimemaliza. Siku ya mwisho wenzangu waliandikiana maneno kwenye mashati, nami nikarudi na shati langu jeupe vilevile, isipokuwa mkono mmoja ambapo rafiki yangu aliandika neno moja tu: "Ongea."

Sasa cheka kidogo, Shangazi. Nimepata kazi, na ni kazi ya kuongea na watu nisiowajua. Ni ya miezi miwili tu. Bima ya afya ya serikali inataka kujua kama wale waliokataliwa matibabu, kisha wakakata rufaa, wameridhika na jinsi rufaa zao zilivyoshughulikiwa. Tuko vijana kumi na wawili. Kila mmoja ana ubao wa kubania karatasi, dodoso lenye maswali kumi na nane, na kalamu iliyofungwa uzi. Uzi huo ni wa msimamizi wetu. Tunamwita Mama Kalamu, si mbele yake.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya geti la kwanza muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimetumwa kulinunua. Nikakumbuka ulivyonifundisha nilipokuwa darasa la pili na kushindwa kumwitikia mwalimu: hesabu midundo mitatu ya saa kubwa ya Babu, halafu sema, hata kama bado unaogopa. Nilihesabu midundo mitatu kichwani, nikasema. Tangu hapo nimehesabu midundo mingi sana.

Jambo nililojifunza ni kwamba watu hawapendi kumnunia mgeni. Kuna dereva mstaafu aliyesubiri majibu ya rufaa yake miezi kumi na mmoja. Alinieleza yote akiwa ameegemea mkongojo, na mengine alinieleza mara mbili. Nilipomuuliza kama ameridhika akasema, "Andika nimeridhika sana, mwanangu. Umenisalimia vizuri." Nikamwambia haulizwi kuhusu mimi. Akashangaa. "Sasa hao wengine sijawahi kuwaona, nitawasemaje?" Nimezunguka wiki tatu, Shangazi, na karatasi zangu zilikuwa zimejaa watu walioridhika sana na wenye machozi.

Kila Jumatatu tunagawiwa orodha. Kila mstari una jina, mtaa, namba ya nyumba, na mwishoni neno moja: imekubaliwa au imekataliwa, kwa sababu makundi hayo mawili yana maswali tofauti. Jumatatu hii mwenzangu mmoja alikuwa mgonjwa, wakanipa orodha yake. Mtaa wake ulikuwa wetu wa zamani. Nilifurahi, nikawa nasoma namba za nyumba tu, moja moja, nikiikumbuka kila nyumba na mbwa wake. Nikafika namba yetu. Halafu nikasoma jina, majina yote matatu ya Babu, na mwisho wa mstari pameandikwa: imekubaliwa.

Nilidhani nimekosea mstari. Niliweka kidole na kusoma tena kuanzia kushoto.

Shangazi, ile rufaa uliyomwandikia Babu wiki moja kabla ya safari yako, ya vifaa vya kusaidia kusikia, ile uliyoiandika mara nne mpaka wino ukakuishia, ilikubaliwa. Sisi tulidhani haijajibiwa. Mwezi wa tisa Babu alikwenda mwenyewe kuuliza, na mwezi wa kumi na moja tena. Mara zote mbili alirudi akasema, "Wameniambia nisubiri." Hatukuwa na sababu ya kutomwamini.

Kanuni yetu ni kwamba hakuna kumhoji ndugu. Ilinipasa kuirudisha karatasi ile kwa Mama Kalamu palepale. Sikuirudisha. Nilijiambia nakwenda kuiona nyumba tu.

Mlango ni uleule na bado unagoma. Nilibisha, sauti ya mama mmoja ikasema ndani, "Sukuma kwa nyonga!" Nyonga yangu ilikuwa imeshasukuma.

Anayekaa pale sasa ni mshonaji. Ilipokuwa meza ya Babu pana cherehani, nayo imetazama dirisha vilevile. Amepaka rangi nyumba nzima isipokuwa ule ukuta wa saa. Maduara manane yamebaki meupe palepale ziliponing'inia. Alisema alidhani ni urembo, akauacha. Kwenye fremu ya mlango wa chumba chako bado zipo alama za penseli ulizotupimia urefu. Yangu ya mwisho inanifika kidevuni. Nilisimama hapo nikanusa, nikitafuta yale mafuta ya saa, lakini sasa pananuka chaki na kitambaa kipya.

Unakumbuka, Shangazi, kwamba nyumbani kwetu saa sita mchana ilichukua dakika tatu? Ilianza ile ya mbao, ikapokewa na ya shaba, na ya mwisho, ile ya mteja aliyefariki bila kuja kuichukua, ilipiga wakati tumeshanawa mikono. Wageni walicheka. Babu alisema zikilia pamoja hatajua ipi ni mgonjwa. Nawe ulikuwa unazisimamisha zote kwa kidole nikipata homa, ukiwa pekupeku, halafu jioni mnagombana naye huku mkizirudisha kwenye majira. Huku ghorofani zimetundikwa tatu tu. Jirani wa chini alilalamika.

"Haya, mrefu, umekuja kupima au kuchukua?" mshonaji aliniuliza, pini mdomoni.

Nilihesabu midundo mitatu nikamtajia jina la Babu.

"Fundi saa? Alishahama huyo! Lakini ana barua zake kwangu. Moja imenilisha, Mungu ampe maisha marefu."

Akavuta droo. Chini ya karatasi za vipimo palikuwa na bahasha mbili za matangazo na moja ya kaki yenye muhuri wa bima. Ilikuwa haijafunguliwa, ila kingo zake zote nne zilikuwa nyeupe kwa chaki. Nikamwambia huyo ni babu yangu, nikamuuliza ile chaki ni ya nini. Akaniambia bila haya kwamba bahasha ile ni sawasawa na mfuko wa shati la shule. Haipindi, haichakai, na pembe zake hazidanganyi. Tangu Agosti amekuwa akiilaza juu ya kitambaa na kuizungushia chaki.

"Barua ya mtu haifunguliwi, sikulelewa hivyo," alisema. "Lakini nani alinikataza kuizunguka? Niliulizia mlikohamia, nikaambiwa ng'ambo ya reli. Haya, ng'ambo ya reli pana mlango mmoja?"

Kwa hiyo nusu ya watoto wa shule za mtaa ule wanatembea na mifuko yenye ukubwa wa jibu la Babu. Alipoona nimeibana bahasha kifuani aliacha mzaha. Aliniomba kitu kimoja tu, aichore mara ya mwisho kwenye kadibodi kabla sijaondoka nayo. Nilimshikia pembe.

Babu aliifungua kwa ile bisibisi yake ndogo kuliko zote. Aliisoma mara mbili, akavua lenzi ya jichoni, akanipa nisome. Rufaa imekubaliwa. Mwanachama afike kupimwa na kuwekewa vifaa katika siku mia moja na themanini tangu tarehe ya barua. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 12 Februari. Tulikuwa tarehe 3 Machi.

"Siku kumi na tisa," Babu alisema. "Saa ikichelewa hivyo, mteja haichukui." Akainuka akaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

Sasa nikuambie lile tulilokuficha, na unisamehe kwamba nami nilikuwa mmoja wa wafichaji. Kila ukipiga simu na kumwomba Babu, Mama anakuambia amelala, au yuko bafuni, au ametoka kidogo. Najua ulimuuliza Mama mwezi uliopita kama Babu amekukasirikia kwa kuondoka. Hajakukasirikia. Hakusikii. Zamani alikuwa anasikia kidogo upande wa kulia, sasa upande huo nao umekwenda. Anasema sauti yako ndani ya simu ni kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Alitukataza tusikuambie, ili usidhani kazi yako ya kumwandikia rufaa ilipotea bure. Siku ile ya Krismasi ulipozungumza naye na akawa anasema "ndiyo, ndiyo, mwanangu", ni mimi niliyekuwa nimesimama mbele yake nikimtikisia kichwa pale pa kuitikia.

Kazi anafanya bado. Hazisikilizi tena saa kwa sikio. Anaing'ata saa kidogo kwa meno ya mbele na kufumba macho, anasema mlio unapanda kwa njia ya mfupa. Wateja wapya wanadhani anaonja kama ni dhahabu. Ile saa yako ndogo ya mkononi iliyokatika mkanda iko kwenye msumari juu ya meza yake. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaitia ufunguo, anaibana kwenye meno, anatulia, kisha anairudisha. Haina ugonjwa wowote, Shangazi. Nilimuuliza kwa nini anaipima kila siku. Akasema, "Naisalimia."

Jumanne nilikwenda kwa Mama Kalamu na kusema nimevunja kanuni. Nilifika midundo tisa kabla sauti haijatoka. Alinitazama juu ya miwani.

"Ulikwenda kama mdadisi au kama mjukuu?"

"Kama mjukuu."

"Uliandika chochote kwenye dodoso?"

"Hapana."

"Basi lete hiyo karatasi ikiwa safi. Na kalamu yangu."

Nilidhani nimefukuzwa. Lakini Alhamisi alipanda ngazi zetu yeye mwenyewe, akihema, akamsalimia Babu kwa magoti na kuketi kumhoji. Mimi niliamriwa nikae jikoni na nisitikise kichwa. Swali la kwanza alilisema kwa sauti iliyomfikia jirani wa chini lakini haikumfikia Babu. Akaona ni heri aandike kila swali kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi, Babu akawa anayasoma na kuyajibu kwa sauti yake ile ya gari bovu.

"Je, ulijulishwa matokeo kwa wakati?" Babu alisoma. "Kwa wakati wa nani? Mama, umekuja kwa fundi saa, uliza vizuri."

Mama Kalamu alicheka. Sikujua kwamba anaweza.

"Je, mhudumu wa dirishani alikusikiliza?" Babu akaiweka karatasi mezani. "Alinisikiliza sana. Alikuwa binti mpole. Mimi ndiye sikumsikia. Alisema maneno mengi nyuma ya kioo, nikaitikia kwa kichwa, nikashukuru, nikarudi nyumbani."

Kijiko kilinidondoka jikoni. Shangazi, huenda mara zote mbili alizokwenda aliambiwa waziwazi kwamba amekubaliwa, na ni kwa sababu ya masikio hayohayo hakujua. Aliona haya kuomba yarudiwe. Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi, namwelewa kabisa.

Swali la kumi na nane ni lile la kuridhika. Babu alilishika karibu na macho, halafu mbali. Nilikuwa naomba kimoyomoyo asiseme kama dereva mstaafu. Akasema, "Andika sikuridhika. Tena andika kwa kalamu inayoshika." Alikuwa mtu wa kwanza katika wiki tatu. Sijui kwa nini nilisikia fahari, lakini nilisikia.

Chini ya swali hilo kuna mistari mitatu ya maoni. Babu aliomba aijaze kwa mkono wake. Aliandika muda mrefu kuliko mistari mitatu inavyohitaji. Mama Kalamu alisoma, akakunja karatasi, akasahau kalamu yake mezani kwetu, uzi na kila kitu.

Ni yeye aliyeniambia kuna dirisha la kuomba kuongezewa muda. Nilikwenda Ijumaa na bahasha mkononi. Dada wa pale aliona chaki akauliza ni nini, nikamweleza yote, Shangazi, mimi, kwa sauti, na watu kwenye foleni walisogea wasikie. Alisema barua kutomfikia mtu ni sababu inayokubalika. Lakini maelezo hayawezi kutoka kwangu, wala kwa Baba, wala kwa Babu. Lazima yaandikwe na kusainiwa na mwakilishi aliyewasilisha rufaa. Kwenye faili mwakilishi ni mmoja tu, nawe ndiwe.

Fomu nimeiweka humu ndani. Ni ukurasa mmoja. Inapaswa kurudi kabla ya mwisho wa Aprili, na barua huchukua zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo nakuomba usiiweke chini kabla hujasaini. Nimeweka alama ndogo ya penseli pale pa saini. Juu ya saini kuna mahali pa kueleza kwa nini ilitumika anwani isiyo sahihi, wakati tulikuwa tumeshahamia huku miezi minne.

Nilikaa na swali hilo siku mbili, nikiogopa litakuumiza. Nilitaka kukuandikia kwamba lingeweza kumpata yeyote kati yetu. Mama bado anashika swichi ya taa upande ambao haipo. Baba bado kule hupaita "nyumbani", na hapa hupaita "juu". Hata mimi, nilipoajiriwa na kuambiwa niandike ninapokaa, niliandika nyumba ya zamani, ikabidi nikate kwa mstari mbele ya Mama Kalamu. Ndivyo nilivyotaka kukufariji. Lakini jana Babu aliniona nimeshika kalamu juu ya karatasi tupu, akaniuliza kwa nini siandiki. Nikamwandikia kwenye kipande cha gazeti: namwonea huruma Shangazi kwa ajili ya anwani.

Akavuta droo yake akatoa karatasi. Alikuwa amenakili yale maoni yake kabla hayajaondoka, kama anavyonakili namba ya saa ya kila mteja. Akaniambia nikunakilie wewe, neno kwa neno, tena mwisho wa barua, si mwanzo, maana ukiyasoma mwanzo hutafika kwenye fomu.

Basi msalimie jirani yako mwenye paka. Baba, Mama, na mdogo wangu ambaye sasa ananizidi sauti ingawa bado hajanizidi urefu, wote wanakusalimu. Mshonaji naye, ambaye hamjuani, amesema ukirudi ujipitishe akushonee kitu, kwa vile alikula jasho lako. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na mkono mwepesi wa kusaini.

Haya ndiyo aliyoandika Babu:

"Rufaa iliandikwa na binti yangu na haikuwa na kasoro. Siku ile aliniuliza, 'Baba, anwani niweke ileile?' Niliona midomo tu. Sikumsikia, nikaitikia kwa kichwa. Kosa ni langu. Naomba masikio ili siku nyingine akiniuliza nimjibu."

Wako akupendaye,
yule wa midundo mitatu.